Sauti ya ndege inageuka kinanda nikiifanya MIDI. Tatizo ni programu, simu au ni mimi?

#1 Mrekodi wa Dunga (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Nina faili ya WAV (rekodi ya sauti) ya tai mla samaki akilia pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nimeirekodi alfajiri kabla injini za mitumbwi hazijaanza. Ni sekunde sita, sauti safi, mawimbi yanasikika kwa mbali tu. Nataka iwe mlio wa simu ya mjomba. Simu yake ni mulika mwizi ya miaka hiyo, MP3 haijui, milio inayopokea ni ya MIDI peke yake. Nimepakua programu ya kugeuza sauti kuwa MIDI, ikafanya kazi bila kulalamika, ikanipa faili ya kilobaiti chache. Kuifungua, ni kinanda! Noti zinamwagika kama mtoto ameachiwa piano ya kanisa. Ndege hayumo. Nimegusa kila kitufe kwenye mipangilio na hali ni ile ile. Sasa mbovu ni programu, ni simu, au kuna jambo sijalielewa? Na tafadhali, kumnunulia simu nyingine si jibu. Ile anaipenda.

#2 Fundi wa Kondele (Kisumu)
Programu haina kosa. MIDI haibebi sauti hata kidogo. Inabeba maagizo: bonyeza noti namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani, kisha achia. Noti zinaanzia 0 hadi 127, chaneli ni 16, basi. Sauti yenyewe inatoka kwenye chipu ya simu.

Piga hesabu ya WAV yako. Kama ni stereo ya kawaida, ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, baiti mbili kila sampuli, mara pande mbili: baiti 176,400 kila sekunde. Sekunde sita zimepita megabaiti moja. Sasa jiulize megabaiti hiyo imeenda wapi ukabaki na kilobaiti chache. Imetupwa. Ulichobaki nacho ni makisio ya programu kwamba hapa palikuwa na noti hii na pale palikuwa na ile. Koo la ndege halina pa kukaa humo.

#3 Kijana wa Kaptembwo (Nakuru)
Mbona mnajichosha? Futa .wav mwishoni mwa jina, andika .mid, tuma kwa Bluetooth. Mimi nilifanya hivyo na simu ikalia.

#4 Fundi wa Kondele
@Kijana wa Kaptembwo hiyo simu yako bila shaka ni Android. Faili ya MIDI inaanza na herufi nne, MThd, halafu kila njia ya noti inaanza na MTrk. WAV inaanza na RIFF. Android ilichungulia ndani, ikaona RIFF, ikacheza WAV. Simu ya mjomba ikikuta RIFF itakataa, uiite jina lolote upendalo.

#5 Kijana wa Kaptembwo
Lakini ililia, fundi. Hilo huwezi kulikataa.

#6 Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)
Hamjambo. Fundi amesema kweli ila ameufunga mlango mapema mno. Nafundisha muziki, na suala hili lina upande ambao chipu haiuelezi.

Noti namba 69 ni herzi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ukipanda noti 12 unafika herzi 880, ukipanda 12 tena ni 1,760. Kati ya noti na noti kuna pengo, na huko juu wanakolia ndege pengo ni kubwa: noti ya 95 ni karibu herzi 1,976 na ya 96 ni karibu 2,093. Ndege akiwa kwenye 2,030, programu inalazimika kumsukuma huku au kule. Na ndege hasimami pale. Anateleza kutoka juu kwenda chini katika pumzi moja, programu inamkatakata vipande na kuvipanga juu ya ngazi. Hicho ndicho kinanda unachokisikia.

MIDI ina dawa yake, nayo ni mpindo wa noti. Unashika noti moja tu, kisha unaipinda juu au chini kwa hatua ndogondogo, zipo 16,384. Chagua chombo cha mluzi, namba 79 katika General MIDI, ile orodha ya kawaida ya vyombo vya MIDI, weka noti moja ndefu, uipindishe ukifuata mlio wa tai wako. Hutampata ndege mwenyewe, ila utapata mwendo wake, na mwendo unalisaidia sikio kumtambua ndege.

#7 Wa Section 58 (Nakuru)
Mwalimu, huko ni mbali. General MIDI iliyotoka 1991 ina ndege tayari! Angalia mwisho wa orodha ya vyombo 128: 121 mkwaruzo wa nyuzi za gitaa, 122 pumzi, 123 mawimbi, 124 ndege, 125 simu ikilia, 126 helikopta, 127 makofi, 128 mlio wa bunduki. Weka 123 kwenye chaneli moja kwa sauti ya chini, 124 kwenye nyingine, una Dunga nzima mfukoni na hujageuza chochote.

#8 Mrekodi wa Dunga
Asanteni sana. @Wa Section 58 nimeandika 124 kwenye programu. Imetoka kengele ya simu.

#9 Mkazi wa Milimani (Kisumu)
Ndege ni 123. Nimehakikisha sasa hivi kwenye kompyuta yangu.

#10 Wa Section 58
Ni 124. Chukua orodha yoyote ya General MIDI uisome kwa macho yako.

#11 Mkazi wa Milimani
Nasoma skrini, ndugu yangu. Nikiandika 124 inalia simu, nikiandika 123 analia ndege. Watu wa Nakuru ndege wenu ni heroe, na hao hamjawahi kuwasikia wakilia.

#12 Mwalimu wa Lurambi
Hapana haja ya kupigana. Ndani ya faili vyombo vinahesabiwa 0 hadi 127. Orodha zilizochapishwa zinahesabu 1 hadi 128. Baadhi ya programu zinafuata orodha, nyingine zinaonyesha namba ya ndani. Programu zenu za Kisumu, nyote wawili, zinaanzia sifuri, kwa hiyo 124 yenu ndiyo 125 ya orodha. Andikeni 123. Na ule mluzi wangu wa 79, kwenu ni 78.

#13 Wa Section 58
Sawa mwalimu. Ila @Mkazi wa Milimani heroe wanalia, tena sana. Simama ukingoni wakiwa kundi kubwa, hamtasikizana na mwenzako. Shida ni kwamba maji ya ziwa letu yalipopanda wengi walihamia Ziwa Bogoria. Siku hizi anayeniamsha ni kwarara juu ya bati.

#14 Bodaboda wa Nyalenda (Kisumu)
Nimesoma yote. Mimi sitaki ndege, nataka mlio utakaopenya kofia ya chuma na injini. Simu inalia mfukoni sisikii, mteja anapiga tena na tena kisha anamchukua mwingine. Nilirekodi honi ya matatu, nikaiweka, barabarani bado siisikii vizuri. Je, MIDI ina nguvu kuliko rekodi?

#15 Mama wa Kinu (Webuye)
Kaka wa Nyalenda shida yako ni yangu. Nasaga mahindi, mota ikiwaka simu naisahau kabisa. Kijana wangu aliniwekea wimbo mzuri wa kanisa, wenye besi, nikiwa nyumbani unasikika, kinuni umekufa. Nani anajua ni kwa nini?

#16 Fundi wa Kondele
Mama, shikamoo. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifuniko cha soda, besi haiwezi kuitoa. Wimbo wako umejaa besi, kwa hiyo kinachotoka ni masalio tu, na mota ya kinu nayo inanguruma huko huko chini, inayafunika. Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya herzi 2,000 na 5,000. Tafuta mlio unaokaa pale. Hapa MIDI inasaidia kweli, kwa sababu unachagua noti mwenyewe. Chaneli ya 10 ni ya ngoma na vyuma, kila noti ni kifaa chake: noti 56 ni kengele ya ng'ombe, 71 filimbi fupi, 72 filimbi ndefu. Piga 72, kimya kidogo, 72 tena. Kinu hakiwezi kuifunika hiyo.

@Bodaboda wa Nyalenda hapana, MIDI haina nguvu zaidi. Spika ni ile ile. Honi ya matatu uliirekodi ukiwa karibu mno, ikapasuka kwenye maikrofoni. Rudi nyuma hatua kumi, rekodi upya. Mtetemo nao uwashwe.

#17 Mkazi wa Milimani
Fundi, simu ya bodaboda iko mfukoni mwa koti zito. Nguo hula sauti za juu kuliko za chini. Herzi zako 5,000 zitaishia kwenye kitambaa. Mimi ningekaa chini ya hapo, 1,000 hadi 2,000.

#18 Bodaboda wa Nyalenda
Nimeelewa hivi: mama apande, mimi nishuke. Asanteni.

#19 Fundi wa Kondele
Usishuke bado. Jaribu zote mbili ukiwa juu ya pikipiki, si ukiwa kibandani.

#20 Mtu wa Reli (Kisumu)
Naingilia kidogo. Kama mnatafuta sauti inayogeuka MIDI bila ugomvi, chukueni honi ya treni. Inakaa kwenye noti zile zile kuanzia mwanzo hadi mwisho, haitelezi. Mimi niliigeuza ile ya treni ya abiria tangu iliporudi Kisumu 2021, ikatoka vizuri. Reli hii iko hapa tangu 1903 na honi ni sehemu ya mji.

#21 Mwalimu wa Lurambi
Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Kuhusu honi naafiki. Ila honi ya treni ni noti kadhaa kwa pamoja, na simu inayoweza kutoa sauti nne tu kwa wakati mmoja itazimaliza zote kwenye honi peke yake, isibaki hata moja ya kitu kingine.

#22 Nyatiti ya Ugenya (Siaya)
Mnaongea habari za ndege na honi, mimi nina kidonda kikubwa zaidi. Nimerekodi nyatiti ya babu yetu, nyuzi zote nane, pamoja na pete ya chuma ya mguuni inayogonga mbao. Programu imeniletea noti mara tatu ya zilizopigwa! Uzi mmoja ukigongwa inaandika noti ya chini, ya juu yake, na ya juu zaidi. Kisha ile pete imeandikwa kama noti za chini zisizo na maana. Na nyuzi zenyewe babu hazisawazishi kwa piano. Faili inapolia kwenye simu ni wimbo wetu umevalishwa suti ya mtu mwingine. Inaniuma, kwa sababu mzee ni mgonjwa na nilitaka ndugu wote tuwe na mlio huo.

#23 Mwalimu wa Lurambi
Pole kwa mzee, Mungu ampe nafuu.

Noti zile za ziada hazitoki hewani. Uzi ukigongwa unatoa sauti ya msingi pamoja na sauti za juu yake: mara mbili, mara tatu, mara nne ya herzi za msingi. Sikio letu linaziunganisha likasikia uzi mmoja. Programu inaziona kila moja peke yake, na ule mvumo wa nyatiti unazitia nguvu zaidi. Zifute kwa mkono, ubakize ya chini katika kila kundi.

Kwetu nilipambana na isukuti. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma haina noti iliyo wazi, kwa hiyo programu ilinipa piano ya chini iliyovurugika. Nikaacha kugeuza. Nilifungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaikuza mpaka kila pigo likaonekana ni mlima, nikaandika muda wa kila mlima, kisha nikaweka noti kwa mkono kwenye chaneli ya 10: noti 64 kwa kubwa, 63 kwa ya kati, 60 kwa ndogo. Hizo ni konga na bongo za kule Kuba, si isukuti. Lakini mapigo ni yetu kabisa, na mlio ule ukianza sokoni Kakamega watu hugeuka kabla hawajajua wamesikia nini. Nyatiti ifanyie hivyo hivyo. Chombo cha karibu kwenye orodha ni 106, banjo. Wengine hupenda 109, kalimba. Kila uzi upinde kidogo ufuate mpangilio wa babu, nyuzi nane ni kazi ya jioni moja. Pete iweke chaneli ya 10.

#24 Nyatiti ya Ugenya
Mwalimu, hapo umenifaa. Banjo nimejaribu, ni kali mno. Kalimba ni laini mno. Nitazipiga zote mbili pamoja.

#25 Mama wa Kinu
Samahani, kwani hii siyo Skiza? Si unabonyeza namba inaingia?

#26 Mkazi wa Milimani
Hapana mama. Skiza ni ule wimbo anaousikia anayekupigia. Tunazungumzia unachokisikia wewe kwenye simu yako.

#27 Wa Section 58
Narudi kwa @Fundi wa Kondele, posti #2. Umesema sauti haina pa kukaa. Kwenye MIDI tupu ni kweli, lakini kuna aina ya faili iitwayo Mobile XMF: ndani yake unaweka MIDI pamoja na vipande vyako vya sauti, katika muundo uitwao DLS. Unakata kipande cha tai, unakifanya chombo, MIDI inakipiga. Yamaha nao walikuwa na SMAF, zile faili za .mmf, zinabeba noti na sauti iliyorekodiwa kwa pamoja. Na Android mpaka leo inacheza MIDI, XMF, hata RTTTL, ile milio ya maandishi ya enzi zile. Kwa hiyo ndege anaweza kuingia akiwa na koo lake.

#28 Fundi wa Kondele
Kwenye Android anaweza. Lakini mwenye Android ana haja gani na XMF wakati MP3 ipo? Mjomba ana simu isiyojua MP3. Nyingi za rika lile, zilipoanza kupiga sauti nyingi, zilikuwa na nne, 16 au 24 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ilibuniwa SP-MIDI, faili inaiambia simu chaneli ipi iachwe kwanza sauti zikizidi. Mrekodi, programu yako imekupa noti ngapi zinazolia pamoja? Kama ni kumi na simu ni ya nne, sita zinakatwa ovyo, na huenda wewe unalaumu kugeuza wakati simu ndiyo inayokata.

#29 Kijana wa Kaptembwo
Na ile programu ya Spotify, Basic Pitch? Ilitoka 2022, ni ya bure, unaburuta faili kwenye kivinjari. Inaandika hadi mpindo wa noti anaousema mwalimu. Hii sijabadilisha jina, fundi.

#30 Fundi wa Kondele
Hii umeleta kitu. Ila waundaji wake wenyewe wanasema inafanya vizuri zaidi kwa chombo kimoja kwa wakati mmoja. Ondoa mawimbi kwanza.

#31 Mrekodi wa Dunga
Nimefanya yote. Nimekata sauti za chini kwenye Audacity mawimbi yakatoweka, nimepitisha Basic Pitch, nimebadilisha piano kuwa mluzi, nimeifuta kila noti isiyo ya tai. Kwenye kompyuta, wadau, ni tai! Anashuka vile vile. Nimeituma kwenye simu ya mjomba. Imekubali, inalia, lakini ule mteremko umekuwa mdogo, ni mluzi unaotikisika kidogo tu. Mjomba kausikia akauliza ni nani anaita mbwa.

#32 Mwalimu wa Lurambi
Ni upana wa mpindo. Kwa kawaida mpindo unafika nusu toni mbili juu na mbili chini (nusu toni ni hatua ya kutoka noti moja hadi ya jirani). Faili inaweza kuagiza upana uongezwe hadi 12. Kompyuta imetii, simu haikutii, imebaki kwenye mbili. Mteremko wa nusu toni 12 umekuwa wa mbili. Gawanya mlio uwe noti kadhaa zinazofuatana, kila moja ipinde ndani ya nusu toni mbili.

#33 Wa Section 58
Sidhani. Mpindo unashika chaneli nzima, hauchagui noti. Kama Basic Pitch imeacha noti mbili zinazopishana, kila moja na mpindo wake, zinavutana. Kompyuta yako pengine inazipa chaneli tofauti. Angalia kama kuna noti fupi imejificha chini ya ile ndefu.

#34 Fundi wa Kondele
Mimi bado nasema chipu. Huenda chipu ya simu ile inasoma mpindo mara chache kwa sekunde, mteremko wa haraka unapita katikati. Mpe mteremko wa polepole uone.

#35 Mwalimu wa Lurambi
Fundi, ingekuwa hivyo ungesikia ngazi. Yeye anasikia mtikisiko mdogo.

#36 Fundi wa Kondele
Ngazi mbili zilizo karibu ni mtikisiko, mwalimu.

#37 Mrekodi wa Dunga
Nitajaribu ya mwalimu kwanza kwa sababu haihitaji kufungua simu. Noti iliyojificha nimeikuta kweli, moja, fupi sana. Nimeifuta, tofauti naisikia kidogo tu, sina hakika.

#38 Mama wa Kinu
Filimbi ya 72 imewekwa. Inasikika mota ikiwa imewaka. Sasa wateja nao wanaacha foleni wakidhani kuna refa nje. Naweza kuweka ya 71 badala yake, ile fupi, au itapotea?

#39 Mkazi wa Milimani
Haitapotea, mama. Iweke mara tatu mfululizo kisha kimya cha sekunde moja. Kijana wako akishindwa, tuma faili hapa niipange.